Kumtafuta Githaiga wa Ndirangu, Kutoka Gatitu Hadi Mwea

Nilifunga safari hii kwa ajili ya Nyambura, binti wa kaka yangu Maina. Nyambura alitaka kuolewa na kijana wa Mwea aitwaye Munene, na sisi sote nyumbani Nakuru tulimpenda kijana huyo. Watu wake walipokuja kujitambulisha tuliwapikia, tukaketi, na kama ilivyo desturi kila upande ukataja unakotoka. Babu yake Munene, Mzee Jotham, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akasimama akasema, "Sisi tunaishi Mwea, lakini mwanzo wetu ni Nyeri, pale Gatitu. Baba yangu alikuwa Githaiga wa Ndirangu."

Githaiga wa Ndirangu wa Gatitu ni babu yangu mimi, baba wa baba yangu.

Msemaji wetu siku hiyo alikuwa Baba Mdogo, mdogo wa mwisho wa marehemu baba. Aliweka kikombe chini polepole. "Basi hapa tusimame," alisema. "Kama ni Githaiga mmoja, hawa watoto ni wa nyumba moja."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Wazao wa babu mmoja tunawaita mbari, na watu wa mbari moja hawaoani, hata wakikutana wakiwa watu wazima na kila mmoja amekulia wilaya yake. Tena babu yetu alikuwa na pengo katika maisha yake. Alitoka Gatitu akiwa kijana akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, akamwoa bibi yetu Wangechi huku. Miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni alirudishwa Nyeri peke yake, akakaa huko muda mrefu bila habari. Aliporudi hakusimulia lolote. Mtu akikaa mbali hivyo, huwezi kuapa kwamba hakuanzisha nyumba nyingine.

Mimi ni mtunza maktaba wa shule ya upili, na katika familia nikijulikana kwa jambo lolote ni kwa kupenda makaratasi ya zamani. Nyambura alikuja jikoni nikiosha vyombo. "Tata," alisema, maana ndivyo wanavyoniita mimi shangazi yao, "hata kama jibu ni mbaya, nataka jibu. Sitaki wazee waniweke hapo katikati hadi nizeeke." Baba Mdogo alikuwa ameomba wageni wampe nafasi hadi shule zifungwe. Nikaomba ruhusa kazini.

Asubuhi ya kuondoka, Maina alinipimia upepo wa magurudumu na kunikagulia maji ya gari, kazi ambazo huzifanya akiwa na wasiwasi. Nilipitia Nyahururu, kisha Ndaragwa na Mweiga, safu ya Aberdare ikiwa mkono wa kulia njia nzima na Mlima Kenya ukijitokeza na kujificha mbele yangu. Ni barabara nzuri kwa mtu anayetaka kufikiri. Niliitumia kujikumbusha kanuni moja: anayetafuta mababu asitamani jibu fulani. Ukitamani, makaratasi yatakupa unachotamani.

Gatitu nilifika mchana, jua likiwa kali lakini upepo wa baridi. Siku hizi ni pembezoni mwa mji wa Nyeri: nyumba za kupangisha, maduka ya vifaa vya ujenzi, vibanda vya nguo, na katikati ya hayo mashamba membamba yanayoteremka hadi mtoni. Shamba la Ndirangu, baba wa babu yangu, liko hapo bado. Linatunzwa na Mama Wangari, mjane wa binamu ya baba. Ni mwanamke mnene, mwepesi, mwenye ng'ombe watatu wa maziwa na maoni juu ya kila kitu.

"Umekonda," aliniambia kabla sijashuka kwenye gari. "Huko Nakuru mnakula nini, vitabu?"

Nilimweleza kilichonileta. Alisikiliza huku akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Kuhusu mke mwingine wa babu hakujua lolote. Yeye aliolewa hapo mambo hayo yakiwa yamepita. "Lakini wanaume wa hii boma," alisema, "mimi siwezi kuwaapia. Hata wangu nilikuwa nauliza mara mbili."

Kulipokucha alimtuma mfanyakazi wake akate majani ya ng'ombe. "Anzia kule kwa Kariuki," alimpazia sauti, "ya huku juu bado ni fupi!" Kwa Kariuki palikuwa kipande cha chini, karibu na mto, chenye majani ya nepia yaliyozidi kimo cha mtu. Nilitembea hapo nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikasifu majani, nikarudi. Sikuuliza Kariuki ni nani. Mashamba yetu yamejaa majina ya namna hiyo, na mtu huyapita kama anavyopita mawe.

Mjini Nyeri nilianzia ofisi inayohifadhi kumbukumbu za zamani. Hapa niwaonye mnaofikiria safari kama hii: sensa ya taifa haitawasaidia sana, kwa sababu inatoa idadi na majina hayaonyeshwi. Cha kutafuta ni hesabu za watu zilizofanywa na machifu na watu wao, hasa zile za wakati wa hali ya hatari, familia zilipoondolewa mashambani na kukusanywa kwenye vijiji vyenye handaki na lango. Humo waliandika kila boma: mwenye boma, wanawake, watoto. Si kila kijiji kimebakiwa na hesabu yake, lakini ulizeni. Nendeni asubuhi, na msione haya kuuliza mara ya pili.

Karani aliyenihudumia alikuwa na koti zito na tabasamu la kuchoka. "Mama, hapa kila mtu anatafuta shamba," alisema. "Yako iko wapi?"

"Mimi sitafuti shamba. Natafuta babu."

"Hao wote pia wanaanzanga na babu," alisema, na akaenda kuleta.

Boma la Ndirangu lilikuwepo. Mwandiko ulikuwa safi, wino umegeuka kahawia. Ndirangu, mwenye boma. Mke wake. Watoto wake wadogo. Kisha mstari huu: Githaiga, mwana wa Ndirangu, mke, Muthoni, mtoto mmoja, wa kiume.

Nilisoma mstari huo nikiwa nimetulia, au nilidhani nimetulia, kwa sababu karani aliniletea kiti ilhali nilikuwa tayari nimekalia kimoja. Bibi yetu aliitwa Wangechi. Mama yake Mzee Jotham, kwa kauli yake mwenyewe pale Nakuru, aliitwa Muthoni.

Karatasi moja inaweza kukosea, kwa hiyo nilitafuta ya pili. Mchana nilikwenda kwenye kanisa la kale la misheni, lililo juu ya kilima nje kidogo ya mji. Katibu wa parokia alinifungulia kitabu cha ndoa juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, akaniomba nisilowanishe kidole nikigeuza kurasa. Vitabu vya ndoa ni rafiki mkubwa wa mtafutaji: vinataja bwana harusi, bibi harusi, na mara nyingi baba za wote wawili. Baada ya kurasa nyingi niliwapata. Githaiga na Muthoni. Baba wa bwana harusi, Ndirangu wa Gatitu. Na kwa kuwa Ndirangu hakujua kuandika, palikuwa na alama ya kidole chake gumba, nyeusi, mistari yake ikionekana wazi.

Karatasi mbili, ofisi mbili, na zote zilikubaliana. Nilimshukuru katibu, nikatoka nje, nikampigia Maina.

"Ni yeye," nilisema.

Maina aliuliza, "Una hakika?"

"Makaratasi yana hakika."

"Nimwambie Nyambura?"

"Usimwambie bado. Niende Mwea kwanza. Mzee Jotham hafai kuambiwa kwa simu kwamba tuna babu mmoja." Hiyo ni adabu tu. Habari ya ukoo hupelekwa kwa miguu, ikiwa njema au mbaya, na anayeipeleka hukaa akanywa chai ya wenyewe.

Karatina nilisimama sokoni kununua nduma na viazi, kwa kuwa huwezi kuingia kwa watu wa Mwea na mchele wala huwezi kuingia mikono mitupu. Mwanamke aliyeniuzia aliniuliza kama ninakwenda arusini. Nikasema bado hatujajua. "Basi chukua nyingi," alisema, "zikikosa arusi zitaliwa matangani." Ucheshi wa sokoni Karatina hauna huruma, lakini nilicheka.

Baada ya Sagana nchi ilianza kulegea. Vilima vilipungua, joto likapanda, na nilipoingia barabara ya Embu nilivua sweta nikiendesha. Mwea ni tambarare iliyogawanywa kwa mifereji, mashamba ya mpunga yamejaa maji yanayong'aa, yangeyange wakisimama humo kama nguo zilizoanikwa. Kando ya lami mpunga ulikuwa umetandazwa kwenye maturubai na wanawake waliugeuza kwa miguu, wakivuta nyayo kwenye mistari iliyonyooka. Baiskeli zilipita zimebeba magunia mapana kuliko waendeshaji.

Watu wengi waliokuja hapa mwanzoni, mradi wa maji ulipofunguliwa, walikuwa watu wasio na ardhi. Nililijua hilo tangu shuleni. Siku hiyo sikulifikiria kabisa, na baadaye nilijishangaa.

Nyumbani kwa Mzee Jotham nilipokelewa kama mtu wa karibu, jambo lililonizidishia uzito. Mke wake, Cucu Wanjira, yaani Bibi Wanjira, alikuwa mwembamba na mwenye kelele, na hakuruhusu mtu yeyote kumaliza sentensi. Mzee mwenyewe alikuwa barazani, kofia magotini. Munene alikuwa kazini Embu, nikashukuru. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Sagana. Ningeanza kwa kuwasalimia wote, ningetaja kitabu cha kanisa, kisha ile hesabu ya kijiji, halafu ningenyamaza ili mzee aseme.

Kabla sijaanza, kijana mmoja aliingia uani kutoka kwenye kinu cha mchele, nywele na kope zimejaa pumba. Alikuwa kaka mkubwa wa Munene. Wenzake humwita Karis.

"Bwanangu amefika!" Cucu Wanjira alipaza sauti. "Wewe mwanaume, utaacha mgeni akae kwa kiti ya kuvunjika na uko na mikono? Leta ile ingine!"

"Cucu, ngoja nioge kwanza."

"Uoge ya nini? Nilikuoa ukiwa mchafu!"

Wote walicheka, hata Mzee Jotham. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na nikakirudisha mezani.

Hapa nahitaji kwenda polepole, kwa maana kila kitu kinasimama juu ya jambo hili. Kwetu watoto hawapewi majina hovyo. Mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa baba yake. Wa pili huitwa kwa jina la baba wa mama yake. Wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Ndiyo sababu bibi humwita mjukuu wa kwanza "bwanangu" na kumtania kama mume: mtoto huyo amebeba jina la mume wake. Sisi tulio wakubwa tumelisikia kila siku, hatuligeuzii kichwa. Munene ni mwana wa pili, kwa hiyo jina lake limetoka upande wa mama yake. Lakini huyu aliyejaa pumba ni wa kwanza.

"Karis," niliuliza, "jina lako kamili ni Kariuki?"

"Ndio, Tata. Ni jina ya guka."

Guka ni babu. Niligeuka kumtazama Mzee Jotham. Kwenye vyeti vyake vyote ameandikwa Jotham Githaiga, jina la ubatizo na jina la baba, kama ilivyo kwa wazee wengi. Jina aliloitwa siku aliyozaliwa liliachwa nje ya makaratasi. Nalo ni Kariuki.

"Mzee," nilisema, "kwa baba yako wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza," alijibu.

Basi hesabu ni fupi. Mwana wa kwanza hubeba jina la baba wa baba yake. Kama baba yake Mzee Jotham angekuwa kweli mwana wa Ndirangu, mzee huyu angeitwa Ndirangu, kama alivyoitwa baba yangu mimi, mwana wa kwanza wa babu yetu. Yeye aliitwa Kariuki. Muthoni, mama yake, hakukosea jina la mtoto wake wa kwanza. Hakuna mama wa wakati ule ambaye angekosea. Hesabu ya kijiji ilisema hivi, kidole cha Ndirangu kikasema hivyo hivyo, na jina la mtoto likakataa.

Cucu Wanjira aliona nyuso zetu akanyamaza, na nadhani si jambo la kila wiki.

"Mwalimu," Mzee Jotham alisema, "kunywa chai kwanza."

Nilikunywa. Aliigeuza kofia magotini, mara moja, mara mbili, kisha akaanza kusema bila kunitazama. "Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, mwaka wetu wa kwanza hapa. Nikimwuliza mama juu ya Gatitu alikuwa anasema, sisi ni watu wa Mwea. Kabla ya Mwea hakuna kitu. Lakini cheti ya ndoa yao iliandikwa Ndirangu. Niliiona. Na kule kwenu, mbele ya watu wote, mkaniuliza ukoo. Ningesema nini? Ati sijui? Ati labda babangu alikuwa muhoi kwa shamba ya watu?"

Muhoi ni mtu aliyepewa mahali pa kulima na wenye ardhi. Hakuwa mtumwa wala kibarua. Aliomba, akakubaliwa, akajenga, akaishi vizuri na wenyeji wake. Lakini ardhi haikuwa yake. Mashamba yalipopimwa na kuandikwa, waliopata hati ni wenye mbari, na wahoi wengi waliinuka na vyombo vyao. Wazao wao mara nyingi hawapendi kulitaja. Mzee alikuwa amechagua jina lililokuwa kwenye cheti, jina lenye heshima, na jina hilo ndilo lililoziba njia ya mjukuu wake. Alijua limeziba. Kwa wiki zote hizo alikuwa akitafuta namna ya kulirudisha bila kusimama tena mbele za watu.

"Mimi sijui kweli ni ipi," alimalizia. "Hiyo ndiyo kweli."

Ndipo nilipokumbuka nepia.

"Mzee Jotham," nilisema, "pale Gatitu kuna kipande cha shamba karibu na mto. Mpaka leo wanapaita kwa Kariuki."

Asubuhi iliyofuata tulipanda gari pamoja, yeye mbele akiwa na sweta mbili, na kwenye viti vya nyuma gunia la mchele ambalo Cucu Wanjira alikataa kulijadili. Njiani hakusema mengi. Tulipopita Karatina alitazama vilima akasema, "Hii baridi watu wanailipia?"

Gatitu, Mama Wangari alitupokea langoni, na lango hakulifungua. Nilimtambulisha mgeni. Macho yake yalitoka kwa mzee yakaenda kwenye gari, yakarudi kwa mzee.

"Mwana wa Ndirangu," aliniita mimi, "juzi ulisema unatafuta babu. Leo umeniletea mtu wa Mwea kuangalia shamba. Saveya wa kupima yuko wapi, umemficha kwa buti?"

Nilijua si mzaha mtupu. Katika sehemu zetu watu wameburutana mahakamani kwa chini ya hapo. Lakini Mzee Jotham alivua kofia. "Mama," alisema, "mimi niko na maji na mchele. Hii kilima yako ya baridi nitaifanyia nini? Nimekuja kuuliza jina tu. Nikishaambiwa naenda."

Mama Wangari alilifungua nusu. Alipoona mchele alifungua hadi mwisho.

Tuliteremka mtoni sote watatu. Hakuwa na hadithi ndefu. Alisema tu alichoambiwa na mama mkwe wake, na pale asipojua alisema hajui. Kariuki alikuwa muhoi. Alipewa hapo mahali na baba wa Ndirangu, ambaye pia aliitwa Githaiga, yule wa zamani ambaye babu yangu alibeba jina lake. Kariuki alipokwisha kuwapa watoto wake majina ya wazazi wa pande zote mbili, aliyefuata alimwita Githaiga, kumshukuru mwenye ardhi. Ndiyo maana boma moja likawa na vijana wawili wenye jina moja: mmoja wa mbari, ambaye alikwenda Nakuru, na mmoja wa muhoi. Kariuki alipofariki, Ndirangu alimwingiza yule kijana nyumbani kwake. Alipooa, Ndirangu alisimama kama baba yake na kuweka kidole. Alipooa, Ndirangu alisimama kama baba yake na kuweka kidole.

"Kwa hivyo alikuwa mtoto wake," Mzee Jotham alisema taratibu.

Kwetu mtu wa nje anaweza kuingizwa katika ukoo kikamilifu. Huchinjwa mbuzi, mtu huyo "huzaliwa" upya mbele ya wazee, na tangu hapo ni wa damu. Wazao wake hawawezi kuoa humo. Kama hilo lilifanyika, tungekuwa tumerudi tulikoanzia. Nilimwuliza Mama Wangari waziwazi: alichinjiwa?

Alitikisa kichwa. "Hiyo ndiyo mama mkwe alikuwa analilia. Ndirangu alitaka. Mbuzi alikuwa ametengwa. Halafu hali ya hatari ikaingia, mbuzi wote wakachukuliwa, watu wakafungiwa kijijini. Kutoka huko, shamba zikapimwa. Huyo Githaiga hakuwa amechinjiwa, kwa hivyo hangeandikiwa hata shimo ya ndizi. Akachukua Muthoni na mtoto, wakaenda Mwea." Alimtazama mgeni wake. "Huyo mtoto ni wewe."

Mzee Jotham aliingia kwenye nepia hadi mabegani. Alisimama humo akitazama upande wa mto. Mbuzi mmoja ambaye hakuchinjwa alimnyima baba yake ardhi, na mbuzi huyo huyo sasa alimfungulia mjukuu wake njia. Sikumwambia hivyo. Alikuwa na akili ya kutosha kuliona, na wakati mwingine anayependa kueleza anapaswa kufunga mdomo.

Alipotoka, Mama Wangari alimkung'uta majani mgongoni kama anavyokung'utwa mtoto. "Wakipata kijana," alisema, "ataitwa nani?"

Mzee alifikiri. Baba yake Munene, mwana wa kwanza wa Mzee Jotham, anaitwa Githaiga. "Githaiga," alisema.

"Basi hiyo jina tulikopesha," Mama Wangari alisema. "Irudi ikiwa safi."

Nakuru nilirejea peke yangu, nikamweleza Nyambura kwanza kabla ya wazee, jikoni pale pale. Alinifanya nirudie sehemu ya mbuzi mara kadhaa. Halafu alikwenda nje kupiga simu.

Wale mnaotaka kutafuta watu wenu, msiogope. Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Someni hesabu za zamani na vitabu vya ndoa, na viheshimuni, maana vinasema kweli ya aina yake: nani alilala boma gani, nani alisimama kama baba wa nani. Lakini kabla ya kuamini lolote, andikeni majina ya watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, yale majina wanayoitwa nyumbani na si ya vyeti pekee. Ulizeni bibi anamtania nani kuwa mume wake. Ulizeni vipande vya mashamba vinaitwaje na kwa nini. Mimi nilianza na makaratasi, na nusura niwatenganishe watu wawili wasio na hatia.

Shule zilipofungwa, watu wa Mwea walikuja tena. Tulipika, tukaketi, na Baba Mdogo akauliza upya, kama inavyopasa, wageni wanatoka kwa nani. Nilikuwa nimemsimulia kila kitu, lakini mambo hayo hayahesabiwi hadi mwenyewe aseme. Mzee Jotham alisimama. Safari hii alikuwa na kofia mkononi na hakuigeuza.

"Mimi ni Kariuki," alisema, "wa Githaiga, wa Kariuki. Kariuki alikuwa muhoi kwa baba zenu pale Gatitu. Walimpa mahali karibu na mto. Alipokufa walimlea mtoto wake. Ukoo wetu ni mwingine, na bado naufuatilia. Lakini jina la pahali petu liko, nimeliona."

Baba Mdogo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alisogea kwenye kochi, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

"Kariuki," alisema, "njoo ukae hapa. Tuongee habari ya watoto."